Amri Haifundishi Lugha: Wazazi na Vijana Waulizwe Kwanza

Ndugu walimu, tuanze na kisa kilichotufika sisi wenyewe, maana anayetaka kuwalaumu wengine hana budi kuanza nyumbani kwake. Muhula mmoja, katika shule ya msingi iliyo karibu na mpaka wa mashariki wa nchi yetu ya Uganda, tuliwaita wazazi ili tuwaeleze habari za watoto wao kufundishwa Kiswahili. Wakaja. Walikaa chini ya mwembe tangu saa nne, nasi tukafika saa sita. Mwalimu mkuu akasoma waraka, mwenyekiti wa kamati ya shule akatoa shukrani, sisi tukahutubu juu ya umoja wa Afrika ya Mashariki, na daftari la mahudhurio likapitishwa watu watie sahihi. Mkutano ulipokaribia kufungwa, mama mmoja muuza mukene aliinuka akatuuliza, kwa adabu kabisa, kama tuliwaita waje kusema au waje kusikia. Kwa sababu kama ni kusikia tu, mtoto angaliweza kuletewa barua, naye asingaliipoteza siku yake ya soko.

Hatukuwa na jibu. Tulicheka kidogo, tukasema kwamba muda umekwisha na kwamba swali lake ni zuri. Kisha tukaandika katika kumbukumbu za mkutano kwamba wazazi walikubali kwa kauli moja.

Makala haya yametokana na aibu hiyo. Twataka kusema kwamba katika kazi ya kuwaelimisha na kuwalea vijana wetu, sauti ya jamii imegeuzwa kuwa muhuri wa kupigia maamuzi yaliyokwisha kukatwa. Na twataka kusema kwamba sisi walimu wa Kiswahili, ambao tungepaswa kuwa wa kwanza kulipinga jambo hilo, tumekuwa miongoni mwa wanaofaidika nalo.

Siku hizi neno "ushirikishwaji" limekuwa wimbo. Limo katika kila mpango na kila taarifa. Lakini msemaji anapotamba kwamba wananchi wameshirikishwa, aghalabu maana yake ni kwamba wameitwa, wakaarifiwa, wakapewa soda na wakapigwa picha. Huko si kushirikisha. Mtu hushirikishwa katika jambo ambalo bado halijaamuliwa. Likisha kuamuliwa, kinachobaki ni tangazo, na tangazo halihitaji watu waache mashamba yao wakakae chini ya mti kwa saa tatu.

Hakuna mahali ambapo ukweli huu unaonekana wazi kuliko katika historia ya lugha tunayoifundisha.

Mnamo mwaka 1927, Gavana William Gowers aliandika waraka akitaka Kiswahili kiwe lugha ya elimu na ya utawala katika sehemu kubwa ya Uganda. Kabaka Daudi Chwa alipinga. Maaskofu wa misheni nao walipinga. Kila mmoja alikuwa na sababu zake: huyu aliihofia lugha ya Buganda na heshima yake, wale walihofia kwamba lugha ya pwani ingekuja na dini ya pwani. Nyuma ya yote palikuwa na woga wa kuunganishwa na Kenya ya masetla, ambako Waafrika walikuwa wamekwisha kunyang'anywa ardhi, na woga huo ulikuwa wa haki. Lakini tazameni ni akina nani waliokuwa wakijibizana: gavana, mfalme na maaskofu. Mkulima wa Teso hakuulizwa, wala mvuvi wa Ziwa Albert, wala mfugaji wa Karamoja. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ikakiondoa Kiswahili katika orodha ya lugha zinazotambuliwa mashuleni, isipokuwa katika shule za watoto wa polisi. Hapo tena mkulima, mvuvi na mfugaji hawakuulizwa. Kiswahili kiliingizwa bila wao, na bila wao kikatolewa.

Kisha ukaja mwaka 1973. Bunge lilikuwa halipo tangu mapinduzi ya 1971, na nchi ilitawaliwa kwa amri. Ni kweli kwamba wajumbe wa wilaya walikusanywa wakatoa maoni yao, na waliochagua Kiswahili walikuwa wengi kuliko waliochagua Luganda. Hatuna haja ya kulificha hilo. Lakini wajumbe hao hawakupata nafasi ya kurudi vijijini kuwauliza wazazi wangependa watoto wao wafundishwe lini, na nani, na kwa vitabu gani. Idi Amin alitangaza kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na tangazo likawa ndilo mwanzo na mwisho wa kazi. Walimu hawakuandaliwa na vitabu havikupatikana. Mahali pekee ambapo mwananchi wa kawaida aliisikia lugha hiyo ya taifa kila siku palikuwa ni kwenye vizuizi vya barabarani, kinywani mwa askari mwenye bunduki. Amin alipoangushwa mwaka 1979, Kiswahili kilibaki na doa lile, na sisi tunalifua hadi leo.

Wako wenzetu wanaosema kwamba Waganda na majirani zao hawakipendi Kiswahili kwa asili, kana kwamba chuki ya lugha huzaliwa na mtu. Huo si ukweli. Uchunguzi wa lugha za Uganda uliochapishwa mwaka 1972 ulionyesha kwamba watu takribani 35 katika kila mia waliweza kuzungumza Kiswahili, idadi kubwa kuliko ya waliojua Kiingereza. Lakini ndani ya hesabu hiyo limo jambo ambalo kwa miaka mingi tumelipita bila kulitazama: kati ya wanaume walikuwa kiasi cha nusu, na kati ya wanawake hawakufika hata mmoja katika kila watano. Sababu yake haifichiki. Kiswahili kilipita njia za kazi za wanaume: jeshi la Keya, polisi, reli, mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi, migodi ya Kilembe. Mwanamke aliyebaki nyumbani alikutana nacho kilipomjia mlangoni, na mara nyingi kilimjia kimevaa magwanda.

Basi yule mama wa mukene alipoinuka kutuuliza, hakuwa akiichukia Afrika ya Mashariki. Alikuwa na neno la kusema juu ya lugha hii ambalo sisi, pamoja na shahada zetu, hatukulijua. Naye hakulisema, kwa kuwa hatukumpa nafasi.

Sasa tumefika katika zama zetu. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2020 mtaala mpya wa madarasa ya chini ya sekondari ulikifanya kuwa somo la lazima katika miaka miwili ya kwanza. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba kifundishwe kwa lazima na kitahiniwe katika shule za msingi na za sekondari. Tulipiga vigelegele. Na kwa nini tusipige? Lugha yetu ilikuwa imetukuzwa, na tusifichane, nafasi zetu za kazi zilikuwa zimeongezeka. Lakini katika shangwe ile ni nani kati yetu aliyejiuliza kama hii si amri ya tatu, ndugu ya ile ya 1927 na ile ya 1973? Nia za walioitoa ni njema, hatuna shaka. Hata hivyo njia ni ileile: neno limetoka juu, na wa chini wanangojewa waitikie.

Mtu aweza kutujibu: jambo likiwa jema, yadhuru nini likija kwa amri? Tutampa mfano ambao kila mwalimu wa nchi hii anaujua. Mwaka 2007 ulianzishwa mtaala uliotaka watoto wa madarasa matatu ya kwanza ya shule za msingi wafundishwe kwa lugha ya kwao. Hekima ya mpango huo haina ubishi. Mtoto huelewa kwanza kwa lugha aliyonyonya nayo. Lakini wazazi wengi waliupokea kwa kisirani. Waliona kwamba watoto wa matajiri katika shule za kulipia wanaendelea na Kiingereza, na wa kwao wanarudishwa nyuma. Baadhi yao waliwahamisha watoto, wengine waliwasihi walimu waendelee na Kiingereza kimyakimya. Je, wazazi wale walikuwa wajinga? La hasha. Walikuwa wameona tangu zamani ni lugha ipi inayofungua milango ya ofisi, wakafikiri kama mzazi yeyote mwenye akili. Hofu yao ilikuwa na jibu, lakini jibu hutolewa kwa mtu aliyepewa nafasi ya kuuliza. Jambo jema lililoletwa bila mazungumzo lilionekana kuwa dhuluma.

Tukitaka kujua sauti ya mzazi ilipotelea wapi, tuangalie pia habari ya fedha. Katika miaka ya 1970 na 1980, dola ilipokuwa imevunjika na mshahara wa mwalimu haununui hata sabuni, shule za nchi hii hazikufungwa zote. Ni nani aliyeziweka hai? Ni wazazi. Kwa vyama vyao vya wazazi na walimu walichanga wakamwongezea mwalimu posho, wakaezeka mapaa, wakanunua chaki. Na kwa kuwa walilipa, walisikilizwa. Mwalimu mkuu aliyetaka kuongeza siku za masomo alikuwa na watu wa kuwaendea kwanza. Lakini utaratibu ule ulikuwa na ubaya wake mkubwa: asiyekuwa na cha kuchanga hakuwa na la kusema, na mwanawe alifukuzwa darasani.

Mwaka 1997 ikaja Elimu ya Msingi kwa Wote. Ada ikaondolewa, na mamilioni ya watoto wa maskini wakaingia shuleni. Hatutakubali kamwe mtu atumie makala haya kuitukana hatua hiyo. Lakini pamoja na ada kuna kitu kingine kilichoondoka ambacho hakikukusudiwa kuondoka. Mzazi aliyeacha kulipa aliambiwa, kwa maneno au kwa vitendo, kwamba shule sasa ni ya serikali. Naye akakubali. Paa likivuja, ni la serikali. Mwalimu asipofika, ni mtu wa serikali. Tangu hapo tumekuwa tukilalamika kwamba wazazi hawajali, kumbe sisi ndio tuliowafundisha kwamba sauti hununuliwa kwa risiti, na asiye na risiti akae kimya. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 imeweka kamati za kusimamia shule, na ndani yake wamo wawakilishi wa wazazi pamoja na wale wa waanzilishi wa shule, wa serikali za mitaa, wa walimu na wa waliopata kusoma hapo. Sheria si mbaya. Lakini ni shule ngapi ambamo mjumbe wa wazazi huitwa kwa simu aje kutia sahihi makadirio ya fedha ambayo hakuyaona yakiandikwa?

Haki ya mzazi kusema haitokani na shilingi yake. Inatokana na mtoto wake. Neno hili ni fupi, nasi twaomba libandikwe katika kila chumba cha walimu.

Tunawasikia wanaotupinga. Wanasema kwamba elimu ni utaalamu, na kwamba mkulima asiyejua kusoma hawezi kutunga silabasi. Sawa. Nasi hatujasema atunge silabasi. Hatumwombi atufundishe ngeli za nomino. Lakini yako mambo ambayo yeye ndiye mtaalamu na sisi ndio tusiosoma. Yeye ndiye anayejua ni majuma gani watoto watahitajika kufukuza ndege kwenye mtama. Ndiye anayejua ni binti gani ameacha shule na kwa sababu gani iliyo ya kweli, ambayo siyo ile iliyoandikwa katika daftari letu. Na katika somo letu hili la Kiswahili, ndiye anayejua ni nani kijijini anayekizungumza.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu ndipo palipo na kosa letu kubwa zaidi. Tunalia kila siku kwamba walimu wa Kiswahili hawatoshi, na ni kweli hawatoshi. Lakini nenda katika soko la Busia au la Malaba, nenda Arua, nenda Mpondwe penye njia ya kwenda Kongo, usikilize. Kuna askari mstaafu ambaye amekizungumza kwa miaka 40. Kuna utingo wa lori anayejua Mombasa kuliko anavyoujua mji wa wilaya yake. Kuna mama aliyeolewa kutoka ng'ambo ya mpaka. Kuna kijana wa bodaboda anayepatana bei na Mkenya asubuhi na Mkongo jioni. Hao wote ni hazina iliyolala mlangoni pa shule, nasi tunaipita tukienda kuandika barua ya kuomba walimu kutoka makao makuu.

Tunawapita kwa sababu gani? Kwa sababu Kiswahili chao si "sanifu". Tumewasikia walimu wenzetu, na pengine tumejisikia sisi wenyewe, tukimwambia mtoto kwamba Kiswahili alichotoka nacho nyumbani ni cha sokoni, ni cha jeshini, ni cha kutupa. Mtoto huyo akarudi nyumbani akamtazama baba yake kwa macho mengine. Je, huku ndiko kueneza lugha? Kiswahili sanifu ni mali ya lazima na tutaendelea kukifundisha; mtihani hautungwi kwa lugha ya kila soko. Lakini mtu hujenga juu ya msingi uliopo. Fundi anayebomoa msingi wa mwenye nyumba ili aoneshe ufundi wake si fundi wa kushukuriwa. Mkoloni alitufundisha kuzidharau lugha zetu mbele ya Kiingereza. Tusiichukue kasumba ileile tukaivika kanzu ya Kiswahili.

Majirani zetu wametutangulia katika jambo hili, kwa mema na kwa mabaya. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Julius Nyerere alitaka shule iwe sehemu ya kijiji chake, isiwe kisiwa cha wateule. Mapema katika miaka ya 1970, huko Kwamsisi mkoani Tanga, walijaribu shule ambayo wanakijiji na walimu waliiendesha kwa pamoja, na mafundi wa kijijini wakawa na nafasi ya kufundisha. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio: walisikiliza, wakajadiliana, wakaamua wenyewe wachimbe choo wapi na wasafishe kisima kipi, kisha wakafanya. Tazameni mpango huo ulivyokwenda: sauti ilitoka Dar es Salaam, lakini uamuzi wa mwisho ulikatwa barazani. Na nchi hiyohiyo, katika miaka hiyohiyo, iliwahamisha watu kwa nguvu hadi vijijini katika Operesheni ya mwaka 1974, hata nyumba za wengine zikachomwa wasiweze kurudi. Na uchungu wa jambo hilo haukusahaulika upesi. Lugha ilikuwa ileile, na chama kilikuwa kilekile. Tofauti ilikuwa katika kuuliza na kutouliza.

Tumesema juu ya wazazi. Sasa tuseme juu ya vijana, ambao ndio wanaotajwa mno na kusikilizwa kidogo. Walio wengi katika nchi hii hawajafika umri wa miaka 30. Tangu mwaka 1993 tuna sheria ya Baraza la Vijana la Taifa, lenye matawi hadi vijijini. Lakini mkutano wa maendeleo ya vijana ukiitishwa, vijana hupewa fulana, hupangwa nyuma ya wageni, na huombwa wacheze ngoma. Anayezungumza kwa niaba yao ni mtu wa miaka 50. Wakiuliza swali gumu huambiwa wana haraka. Wasipouliza huambiwa hawajali.

Nasi walimu tunafanya lilelile katika vyama vyetu vya Kiswahili vya mashuleni. Sisi ndio tunaochagua mada ya mdahalo, sisi ndio tunaotunga ngonjera, sisi ndio tunaowafundisha mahali pa kunyosha mkono. Kisha tunashangaa kwamba kijana yuleyule aliyebabaika jukwaani hukizungumza Kiswahili bila kusita anapojibizana na mwenzake juu ya mpira au juu ya nyimbo zinazotoka Dar es Salaam na Nairobi. Kule anasema lake, na hapa jukwaani anakariri letu. Lugha hukua mahali ambapo mtu ana la kusema na yupo wa kumsikiliza.

Haitoshi kulaumu, yatupasa tuseme la kufanya. Mambo tunayoyapendekeza si makubwa, na hayangojei fedha za wafadhili.

Kwanza, baraza la wazazi liitwe kabla ya uamuzi, na liendeshwe kwa lugha wanayoielewa, iwe Ateso, Lusamia, Lugbara au Lukonzo. Ni kichekesho kuwaita watu tuwashawishi wakipende Kiswahili kwa hotuba ya Kiingereza. Wala lisiitwe siku ya soko au majuma ya kupanda.

Pili, pawe na daftari la baraza. Upande mmoja iandikwe hoja aliyoitoa mzazi, upande wa pili iandikwe ilivyotekelezwa, au sababu ya kutotekelezwa. Kila mkutano uanze kwa kusomwa daftari hilo. Mtu aliyesema mara tatu bila kujibiwa hatarudi mara ya nne, na hana kosa.

Tatu, wanawake wapewe zamu yao mapema, kabla wazee wa heshima hawajahitimisha mambo. Ikiwa desturi ya mahali inawazuia kusema mbele ya wakwe zao, basi wakutane peke yao kwanza, kisha neno lao liletwe barazani.

Nne, wazungumzaji wa Kiswahili wa kijijini waitwe darasani. Utingo asimulie safari zake, mchuuzi aeleze hesabu zake, mzee asimulie habari za Keya. Mwalimu akae karibu, asikilize, na baadaye awaongoze wanafunzi waone mahali ambapo lugha ile inaachana na ile ya kitabu, bila kumdhihaki mwenyewe.

Tano, chama cha Kiswahili cha shule kiendeshwe na wanafunzi wenyewe, na vijana walioacha shule waruhusiwe kuingia. Mlango wa shule usiwe wa kutokea tu.

Sita, na hili linatuhusu sisi: mikutano ya chama chetu isifanyike Kampala peke yake. Twende wilayani, tukae na kamati za shule, na wenzetu wa vijijini wasiwe wa kuletewa maazimio yaliyokwisha kupigwa chapa.

Tumebakiwa na neno moja gumu, na tungekuwa wanafiki tukilikwepa. Anayeuliza kweli hukubali kwamba jibu laweza kuwa "hapana". Je, kijiji kikisema hakitaki Kiswahili mwaka huu? Wengine wetu watasema: hapo ndipo ilipo hatari ya maneno yenu, mtaiua lugha kwa kura za wasiojua. Sisi twaona kinyume chake. Kijiji kinachosema "hapana" kwa sauti kimetuambia mahali pa kuanzia kazi. Kitatupa sababu zake, nasi tutakuwa na la kujibu, na la kurekebisha. Kijiji kinachosema "ndiyo" kwa sahihi na "hapana" kwa moyo ndicho kilichoziua amri mbili zilizotangulia, polepole, bila kelele, kwa kutonunua kitabu, kwa kumwambia mtoto kwamba somo lile si la maana. Hakuna mkaguzi anayeweza kuikamata "hapana" ya namna hiyo. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Nasi twaongeza kwamba aliyekuwapo bila kuulizwa, lake limekwenda naye nyumbani.

Tulirudi katika shule ile muhula uliofuata. Safari hii hatukwenda na hotuba. Yule mama alikuwapo, na tulipomwomba aseme alisema mambo mawili. La kwanza, kwamba yeye alikijua Kiswahili kwa maneno ya askari waliokuwa wakimwamuru baba yake akae chini, na kwamba hakupenda kuyasikia maneno hayo kinywani mwa mwanawe. La pili lilitushangaza. Alisema kwamba kila juma hununua mukene kwa watu wanaopatana bei kwa Kiswahili mbele yake, asiwafuate wanasema nini, na kwamba ikiwa lugha hiyo ni lazima iingie katika nyumba yake, basi asifundishwe mtoto peke yake. Naye afundishwe, jioni, baada ya soko, hesabu na maneno ya biashara, ili asidanganywe sokoni wala asiwe mgeni mbele ya mwanawe.

Hakuna waraka wowote, wa 1927, wa 1973 wala wa 2022, uliomfikiria mama huyo. Mpango alioutaja kwa dakika tano ulikuwa na akili kuliko maazimio yetu ya miaka mingi, nao ulikuwa umekaa kichwani mwake muda wote tulipokuwa tukimhutubia. Tumefungua daftari, na hoja yake ndiyo ya kwanza upande wa kushoto. Upande wa kulia bado ni mtupu. Ndugu walimu, kila mmoja wetu ana kijiji chake na ana daftari la namna hiyo, hata kama hajaliandika. Tuujaze upande wa kulia kabla hatujaomba amri ya nne.